Mwalimu Breki na Mashua Isiyo na Breki

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na kusema kweli jina hilo hakusingiziwa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amefundisha udereva akiwa kiti cha abiria, mguu wa kulia umekaa tayari juu ya breki ya ziada. Gari la shule ya udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na zimeungwa kwa waya unaopita chini ya sakafu. Mwanafunzi akikanyaga yake, ya mwalimu nayo inazama yenyewe. Mwalimu akikanyaga yake, mwanafunzi anajua kwamba leo kazi anayo.

Mguu ule haukujua kustaafu. Akipanda teksi, anakanyaga zulia. Akitazama taarifa ya habari na kuona lori linakata kona vibaya, anakanyaga sakafu ya sebule, na mkewe, muuguzi asiye na dogo, husema, "Mzee, limeshasimama, kula chakula." Ndani ya gari alikuwa na sauti kubwa kuliko gari lenyewe. Nje ya gari alikuwa mtu mpole, mnunuzi mzuri wa nyanya, mwenye kuwapisha wazee kwenye foleni ya benki. Wanaompenda walisema ni kazi tu ndiyo iliyomfanya vile. Mimi nadhani alipenda kuogopwa kidogo, na kazi ikampa nafasi.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye sasa ana miaka thelathini na anafanya kazi kwenye maabara ya idara ya maji, akipima maji ya bwawa kubwa linalonywesha mji. Binti huyo hakuendesha gari. Alikwenda kazini kwa basi, na basi lisipokuja, kwa miguu. Majirani walilifanya jambo hilo mzaha wao wa kudumu: mwalimu wa udereva mwenye mtoto asiyejua kuwasha gari ni sawa na kinyozi ambaye watoto wake wana nywele za kufagia sakafu. Breki alicheka nao. Akiingia ndani, kicheko kilikuwa kimeshaisha.

Ni kwamba alimfundisha. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, somo la sita, mchana, barabara ya soko la mbao. Kijana wa baiskeli akachomoza kutoka uchochoroni na mbao mbili begani. Breki akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likazima katikati ya barabara, na gari la nyuma likawagonga. Hakuumia mtu, ila watu walijaa, na mbele ya wote hao, pamoja na wanafunzi wawili waliokuwa kiti cha nyuma, baba akamgeukia binti yake na kufoka, "Ungeua mtu! Huna macho?" Kisha akachukua karatasi ya makosa, ile ya kawaida ya kila mwanafunzi, akaandika kwa kalamu nyekundu: Hakumwona mwendesha baiskeli. Binti akafungua mlango, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakushika usukani tena.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Breki hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Mguu wake ulipofika kwenye breki siku ile, breki ilikuwa imeshazama nusu. Waya wa chini ya sakafu haudanganyi. Binti alikuwa amemwona kijana wa baiskeli kabla yake, alikuwa ameshaanza kupunguza, taratibu, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Aliyefanya gari lizime na kugongwa ni mwalimu. Breki alilijua hilo jioni ile ile, akiwa anasukutua mdomo, na akajiambia atamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miaka kumi na moja. Mtoto hakununa wala hakujibu kwa jeuri. Alikuwa tu na adabu nyingi kwa baba yake, adabu ya mgeni, na Breki aliamini kwamba hiyo ndiyo hasira yake. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama jiwe, na kila alipofungua mdomo alitoa maneno mengine.

Ndiyo maana siku binti alipokuja na kusema, "Baba, kuna mafunzo ya mashindano ya mashua za matanga pale bwawani, ya watu wasiojua kitu, Jumamosi nane. Mashua ni ya watu wawili. Mwenzangu wa kazini kaumwa mgongo. Utaweza?" yeye alijibu "Nitaweza" hata kabla hajauliza mashua inapandwa upande gani. Jumamosi nane, yeye na mwanawe, mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Akajiapiza kwamba katika hizo nane lazima aliseme.

"Kuna sharti moja," binti akaongeza. "Usukani ni wangu. Ukiugusa hata mara moja, baba, tunarudi ufukweni na sipandi tena na wewe."

"Mimi? Niuguse wa nini?"

Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo, alikohoa tu.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa daktari wa meno, mama mwenye mvi chache na mikono mikavu, ambaye siku sita za wiki alishinda kwenye vinywa vya watu na ya saba bwawani. Aliwakalisha wanafunzi kumi na wanane kwenye mabenchi ya banda la mashua, katikati ya harufu ya vanishi na kamba mbichi, akachora mshale ubaoni.

"Huu ni upepo, na huo ndio petroli yenu," alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wagonjwa wafungue kinywa kidogo. "Mashua haiendi moja kwa moja kule upepo unakotoka. Ukiielekeza huko, tanga litapigapiga kama shuka kambani, na mtasimama. Kwa hiyo mnakwenda mshazari. Kidogo upande huu, mnageuza, kidogo upande ule, mnageuza tena, mpaka mfike. Huko ndiko kubisha. Anayebisha vizuri ndiye anayeshinda."

Breki akanyoosha mkono. "Daktari, na breki iko wapi?"

Watu wakacheka. Hakuwa anatania.

"Hakuna breki. Ukitaka kusimama, legeza kamba ya tanga, elekeza pua kwenye upepo, halafu subiri."

"Nisubiri?"

"Usubiri."

"Na taa za kuonyesha kwamba unakata kona?"

"Mdomo unao, Mwalimu. Piga kelele."

Hapo akatulia kidogo, maana kwa kelele alikuwa na kipaji.

Kisha daktari akawaonyesha kana, ule mti unaoshikwa na nahodha ili kugeuza usukani ulio nyuma ndani ya maji. Kana ikisukumwa kulia, mashua inakwenda kushoto. Kana ikisukumwa kushoto, mashua inakwenda kulia. Breki aliandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari mara mbili. Kichwa chake kilielewa kabisa. Mikono yake, yenye miaka thelathini na moja ya usukani wa duara, haikuwa na habari.

Kazi aliyopewa haikuhitaji kana. Alikaa mbele, akishika kamba ya tanga dogo, na mashua ikilala upande, alitakiwa akae ukingoni na kuegemea nje ili uzito wake uinyanyue. "Kitambi chako leo kimepata ajira," binti akamwambia Jumamosi ya pili, na ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwa baba yake kwa muda mrefu sana. Breki alifurahi mpaka akasahau kuvuta kamba, tanga likaanza kupigapiga, na daktari akawapigia kelele kutoka boti yake ya mota.

Jumamosi ya kwanza hakusema lile neno kwa sababu watu walikuwa wengi. Ya pili, kwa sababu ya ule mzaha. Nani aharibu siku kama ile? Ya tatu mvua ilinyesha. Ya nne na ya tano alikuwa bado anatafuta pa kuanzia. Ya sita alishafungua mdomo, akauliza kama kuna chai kwenye chupa, na ya saba akauliza kama imebaki. Muoga wa maneno akipewa Jumamosi nane ataomba ya tisa.

Lakini katika muda huo aliona kitu. Kila mara mashua nyingine ilipowakaribia, yeye alishika ukingo mpaka vidole vikapauka, mguu ukikandamiza ubao wa sakafu, naye binti yake alikuwa ameshaona, ameshapima, ameshageuza kidogo, bila papara. Hakuwa na mkono wa pupa hata mara moja. Breki aliwahi kufundisha watu elfu tatu na zaidi, na wenye mkono wa namna ile angeweza kuwahesabu kwa vidole. Jambo hilo lilimfurahisha na kumuuma kwa pamoja.

Jumamosi ya nane ilikuwa ya mashindano yenyewe. Daktari aliwapanga bandani na kuwakumbusha tena, maana mwanafunzi husahau kila kitu siku ya mtihani. Mstari wa kuanzia hauonekani. Ni mstari wa mawazo kati ya boti ya waamuzi na boya jekundu. Honi ya kwanza, zimebaki dakika tano. Ya pili, nne. Ya tatu, moja. Ya nne, nendeni. Kwa kuwa mashua haisimami, mtakuwa mnazungukazunguka nyuma ya mstari kama watu waliokosa pa kuegesha, na ujanja ni kuufikia ukiwa na mwendo, honi inapolia, si sekunde moja kabla. Anayetangulia anarudi kuanza upya. Mnabisha mpaka boya la juu, mnalizunguka, mnashuka na upepo mgongoni mpaka boya la chini, mnapanda tena, mnamaliza. Njia zikikutana, anayepata upepo kwa ubavu wake wa kulia ana haki. Anayeupata kwa kushoto anapisha.

"Na anayevunja sheria?" aliuliza Breki. "Nani anampiga filimbi?"

"Hakuna filimbi. Ukigusa boya, unajizungusha duara moja zima, papo hapo, huku wengine wanakupita. Ukimgonga mwenzako mwenye haki, maduara mawili. Mkirudi, nahodha anaandika kosa kwenye ubao ule, kwa mkono wake."

"Na asiyejizungusha? Kama hakuna aliyemwona?"

Daktari alimtazama kama anavyotazama jino lililooza. "Basi huyo hajui alichofuata huku."

Mashua zilikuwa tisa. Honi ya nne ilipolia, binti alikuwa wa tatu kuuvuka mstari, na upepo wa kutosha, maji yakipiga ubavuni. Breki alikuwa nje ya ukingo na kitambi chake, kamba mkononi, na kwa dakika kumi hivi alikuwa mtu mwenye furaha isiyo na ila. Alicheka peke yake. "Vizuri, mama, vizuri," alisema, na binti akasema, "Kaa nje kidogo, baba, hapo hapo."

Kisha kutoka kulia akaja mwanafunzi mwenzao, mwoka mikate, na mkewe, tanga lao limejaa, upepo kwenye ubavu wao wa kulia. Njia ilikuwa yao. Binti aliwaona mapema. Akalegeza tanga kidogo, akageuza pua kulia ili apite nyuma yao, na mtu anayepita nyuma ya chombo kinachokwenda lazima kwanza akilenge kile kile chombo, maana atakapofika pale, chenyewe kitakuwa kimeshaondoka. Hivyo ndivyo inavyofanyika, na ndivyo walivyofundishwa. Breki hakuona hesabu hiyo. Aliona ubavu mweupe wa mashua ya mwoka mikate unakuja usoni kwake, na binti yake anaulenga.

"Kulia! Zidisha kulia!" akafoka, akageuka, akaishika kana juu ya mkono wa mwanawe, akaisukuma kulia kwa nguvu zake zote, kama anavyozungusha usukani mtu anayemkwepa ng'ombe.

Mashua ikatii. Ikaenda kushoto. Ikamgonga mwoka mikate karibu na nyuma, kwa kishindo cha mbao kavu, na mke wa mwoka mikate akakaa kitako ndani ya maji ya sakafuni.

Hakuna kilichovunjika. "Hamna neno!" mwoka mikate akapiga kelele, akicheka, "endeleeni tu!" na wakaondoka zao. Breki aliachia kana kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Binti hakulitaja hata lile sharti lake la kurudi ufukweni. Alisogeza mashua mahali peupe, akaizungusha duara moja, taratibu, tanga likivuka juu ya vichwa vyao, kisha duara la pili, na katika maduara hayo mashua tano zikawapita, moja moja. Kwenye boya la juu na walipokuwa wanashuka na upepo mgongoni, maneno yake yalikuwa "vuta" na "legeza" tu. Breki alivuta na kulegeza. Walimaliza wa tisa, daktari akawapigia honi ile ile aliyowapigia washindi.

Bandani watu walikuwa wanakamua nguo na kusimuliana. Ubao ulikuwa ukutani karibu na mlango, na binti alikwenda moja kwa moja, akachukua chaki. Breki alisimama nyuma yake, maji yakimchuruzika kwenye viatu, akamsoma akiandika kwa mwandiko wake mdogo wa maabara: Mashua namba saba. Tumegonga mashua yenye haki ya njia. Tumejizungusha mara mbili. Kosa la nahodha.

"Umeandika nini hapo?" akauliza.

"Kilichotokea."

"Kosa la nahodha?"

"Nahodha ni mimi." Alisema bila kinyongo chochote, na hapo ndipo Breki alipoogopa kwelikweli. Alitegemea hasira. Alikuwa ameiandalia hasira hiyo maneno tangu kwenye boya la juu. "Huenda nilikuwa nimewakaribia mno, baba. Nadhani sikuwapima vizuri. Wewe uliona."

Breki akafuta maneno yale matatu kwa kiganja. Akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandikia makosa ya wengine: Kosa la aliyekaa mbele. Nahodha alikuwa sahihi. Akarudi nyuma, akayatazama. Alikuwa hajamaliza, na alijua kwamba akinyamaza sasa hatasema tena maisha yake.

"Na siku ile ya soko la mbao," akasema, "ulikuwa sahihi pia."

Binti alikuwa anafungua jaketi lake la kuelea. Mkono ukasimama kwenye kifungo.

"Ulimwona yule kijana. Breki ilikuwa imeshazama nusu mguu wangu ulipofika. Niliisikia kwa mguu. Ulikuwa unapunguza vizuri, hakuna aliyekuwa hatarini. Mimi ndiye niliyekanyaga, gari likazima, tukagongwa. Halafu nikakusingizia mbele za watu, nikaandika uongo kwenye karatasi yako. Jioni ile ile nilijua. Nisamehe, mwanangu. Najua umenikasirikia miaka yote hii, na una haki."

"Sikukukasirikia," binti akasema.

Breki akamwangalia.

"Nilikuamini." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anayesoma kipimo kwenye chupa. "Wewe ndiye mwalimu. Ukisema sikumwona, basi sikumwona. Mimi nilikumbuka nimemwona, na mbao mbili begani, mpaka shati lake, lakini nikajiambia nimejitungia baadaye ili nijitetee. Baba, miaka kumi na moja najua kwamba mimi ni mtu anayeweza kuua mtu na macho yamefumbuka. Mtu kama huyo utampa gari? Nilikuja huku bwawani kwa sababu hakuna anayevuka barabara."

 Mwoka mikate alipita kati yao na taulo, akasema jambo la kuchekesha kuhusu mkewe na maji, akaona nyuso zao, akaendelea na safari yake. Machozi yalikuwa yanamtoka mwalimu wa watu, mbele ya banda zima, naye hakuyafuta.

Binti alikaa kwenye benchi, jaketi nusu limefunguliwa, miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaitazama upande wa pili, kwa muda mrefu. Kisha akajisogeza pembeni kumpa baba yake nafasi ya kukaa.

"Hebu niambie tena," akasema. "Toka mwanzo. Taratibu."

Breki akakaa, akamwambia tena.